Kipara Hafi Leo

Filamu yenyewe ilikuwa ya Waingereza, ya majambazi wa London wasiojua ujambazi. Wanaiba gari la maiti wakidhani limebeba pesa, wanamkuta marehemu, na ukoo wa marehemu, ambao ndio majambazi wa kweli, unaanza kuwasaka. Ndiyo hadithi yote. Mtoto wa kiume wa bosi wangu pale Riyadh, mtu mzima mwenye ndevu zake, alirudi nayo kutoka masomoni Uingereza ikiwa ndani ya kidiski cha kompyuta, na kwa alivyoipenda ungedhani ni yeye aliyeitengeneza.

Wakati ule mji ule wote haukuwa na jumba la sinema, kwa hiyo majlisi, sebule ya wageni wa kiume, ndiyo ilikuwa sinema. Marafiki zake wanakuja, mimi naleta chai, naleta tende, naondoa vikombe, narudisha vikombe. Yeye alikuwa anacheka kabla kichekesho hakijafika. Akiona wenzake hawajacheka, anairudisha filamu nyuma mpaka wacheke kwa lazima. Ikifika katikati, madam ananiita jikoni kupakua chakula. Ndiyo maana kwa muda mrefu niliijua nusu ya kwanza tu, ila niliijua kama nyumba ya mama yangu.

Maneno sikuyaelewa. Shuleni Mombasa nilifaulu Kiingereza vizuri sana, lakini wale watu wa London wanaongea kama wanatafuna muwa. Hilo halikunisumbua. Mimi nimekulia Changamwe, nyuma ya kibanda cha video, na kibandani hakuna aliyewahi kuelewa filamu kwa masikio yake mwenyewe. Kulikuwa na mtafsiri. Anakaa pembeni na maikrofoni, anawapa Wachina majina ya mtaani, anawatia maneno mdomoni, na jambo la kwanza kabisa, kabla ya risasi ya kwanza, anakuonyesha stelingi ni nani. Stelingi ndiye mwenye filamu. Ukishaonyeshwa unatulia, maana kibanda kina sheria moja tu: stelingi hafi. Anapigwa, anatupwa mtoni, anachomewa nyumba akiwa ndani, lakini hafi. Niliwahi kuona watu wazima wakivunja mabenchi kwa sababu ya stelingi aliyekufa.

Sasa, sisi wasichana wa kazi tulioshuka ndege moja tulikuwa na kundi letu la simu. Wengi tulibaki Riyadh, na shoga yangu, aliyekaa kiti cha pembeni yangu tangu Nairobi akinifinya mkono kwa hofu, akapelekwa Jeddah. Alikuwa mtu wa Kakamega, mcheshi, mwenye sauti ya kwaya. Nyumba aliyoangukia haikuwa ya kupigwa. Ilikuwa ya kunyamaziwa. Watu wengi, sufuria nyingi, na maneno mawili tu ya kumwambia binadamu: yalla akianza kazi, halas akimaliza. Mlango unafungwa kwa ufunguo. Simu aliificha ndani ya gunia la mchele, akiitoa baada ya chakula cha mchana nyumba nzima inapolala.

Mkataba wake ulikuwa unaelekea ukingoni, na hapo ndipo alipoanza kuharibika. Kulikuwa na mama mmoja wa kwetu kule mtaa wa Bani Malik, Jeddah hiyo hiyo, aliyekuwa akipangisha vitanda kwa wasichana waliotoroka, na alikuwa akimwimbia kila siku: toka, vibarua viko tele, utakuwa bosi wako mwenyewe. Asichomwimbia ni kwamba ukitoroka, kafili, yaani mwajiri aliyekuleta, anakuripoti, ikama yako, kile kibali cha kukaa, inakufa, na bila kafili huyo huyo kukutolea viza ya kutoka hupandi ndege yoyote. Unabaki Jeddah ukijificha. Na nyumbani shoga yangu alikuwa na binti aliyemwacha akinyonya, ambaye sasa alikuwa anamwita shangazi yake mama. Hilo lilikuwa linanikosesha raha mimi, sembuse yeye. Nilimpa nasaha zangu zote. Akanijibu, "Mawaidha nimeshiba, mamaa. Nipee kitu ingine."

Kitu kingine nilichokuwa nacho ni wale majambazi.

Nikajifungia chumba cha kufulia, mashine ikinguruma, nikashika simu kama maikrofoni na kuanza. Nikalitumia kundi zima, lakini nilikuwa namwambia yeye. Stelingi nikamchagua papo hapo: jamaa mmoja mwenye kipara, koti refu na samaki mkononi, kwa kuwa ndiye aliyeonekana wa kwanza. Nikamwita Kipara. Nikampa mdomo wa makanga wa matatu za Changamwe, deni la kodi ya nyumba, na mapenzi ya chapati. Kila siku kipande kidogo, na nakikata pabaya. Shoga yangu akajibu kwa sauti niliyokuwa nimeisahau, akicheka mpaka akakohoa. "Huyu Kipara ni wangu," akasema. "Siku atakufa, mimi natoka kwa hii nyumba, nakuapia."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, stelingi hafi.

Wiki haikupita, wageni wakaagiza chakula cha nje. Madam hakuniita jikoni. Nikasimama na sinia langu la vikombe, na kwa mara ya kwanza nikaiona nusu ya pili, ambayo inaanza kwa Kipara kuvuka barabara na kugongwa na gari la maziwa. Amekufa, basi. Samaki kule, koti kule. Majlisi nzima ikavunjika mbavu, na mimi nikataka kuwatupia sinia.

Yule mwenye ndevu aliwaeleza marafiki zake sababu, na Kiarabu changu cha jikoni kilitosha kumfuata. Waliotengeneza filamu hawakuwa na pesa. Kipara hakuwa mwigizaji, alikuwa muuza nyama wa mtaa aliyewaazima duka lake wapigie picha. Alikubaliana nao muda fulani, na muda ulipokwisha akavua koti akasema anarudi dukani kwake. Walimbembeleza, wapi. Ikabidi wamuue asubuhi ile ile, kwa gari la kwanza lililokuwa karibu. Magazeti ya kwao yaliitukana filamu yote, kisha watu wakaanza kuiangalia majumbani, na kifo kile cha haraka haraka ndicho walichokipenda kuliko vyote. Mimi nilisimama pale nikiwaza kwamba sijawahi kukutana na mtu aliyemaliza mkataba na kwenda zake siku ile ile, na wa kwanza namwona anagongwa na maziwa.

Kesho yake niliingia chumba cha kufulia bila filamu. Gari la maziwa likaja, ndiyo, lakini Kipara akaruka. Akatua juu ya gari, akanywa maziwa. Kuanzia hapo hakuna Mwingereza aliyehusika tena.

Nyumba niliyokuwamo haikupenda sana sanaa. Siku moja madam aliamka mapema, akanikuta nimekunja uso mbele ya mashine nikiitisha fidia kwa sauti ya mwanamume, huku nagonga mfuniko wa sufuria uwe mlio wa risasi. Akanitazama. "Majinuni?" akauliza, yaani nimerukwa na akili? Nikamjibu, "Mafi, madam," hapana, na nikampa mfuniko. Kwa wiki nzima alikuwa ananichungulia kwanza kabla ya kuingia.

Balaa la kweli lilitoka kwa mwenzetu wa pale pale Riyadh, aliyekuwa mwalimu wa nasari kabla ya kuja. Watoto wa madam wake walikuwa na filamu ile ile. Akaangusha ujumbe kundini: "Nyinyi, huyo kipara si anagongwa na gari ya maziwa? Mimi nimeona kwa macho yangu."

Kundi lilimvamia kabla sijajibu. Nani amekuuliza? Umetumwa na nani? Stelingi anaweza kufa aje? Na shoga yangu, kwa sauti yake ya kwaya: "Mwalimu, ushindwe!" Nikaongeza kwa upole kwamba aliyoiona yeye ni ya kwanza, hii ni part tuu, na hata Kenya haijafika.

Kisha nikampigia mwalimu pembeni nikamweleza mambo yalivyo Jeddah. Alikuwa mlokole, asiyependa uongo hata wa mzaha. "Basi Kipara atafutiwe bibi," akasema. "Mwanaume mzima anatembea tu na samaki." Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa mke wa Kipara, na Mungu anisamehe, alikuwa mkali kuliko majambazi wote.

Mkataba wa shoga yangu ukaisha, na viza haikutoka. Madam wake akasema baada ya Ramadhani, mpishi atamtoa wapi sasa? Shoga yangu akanitumia sauti isiyo na kicheko hata chembe: "Kesho wanaenda arusi. Nimepata mahali wanawekanga ufunguo. Huyo mama wa Bani Malik anatuma taxi. Usinipigie." Nilipiga. Hakushika.

Nilichokuwa nacho ni Kipara. Nikamfungia Kipara ndani ya nyumba ya watu, geti likiwa wazi, gari likimngoja nje na mlango wake uko wazi. Ndani ya gari kuna mtu, uso hauonekani, anampungia mkono. Mke wake, yaani mwalimu, anampigia simu akilia asipande. Kipara anashika geti. Anatazama gari. Nikakata. Nikarudi kukunja shuka.

Siku ya arusi ikapita kimya. Kesho yake mchana, simu ikalia.

"Kwani hakupanda?"

"Wewe uko wapi?" nikauliza.

"Niko hapa kwa mchele. Taxi ilipiga honi ikachoka. Nikasema wacha kwanza nisikie. Hakupanda?"

"Hakupanda," nikasema, na nikalia mbele ya nguo za watu.

Ramadhani tulimpitisha na Kipara, mwalimu na mimi tukipokezana. Sikukuu ikaisha, viza ikatoka, na ghafla tu shoga yangu yuko uwanja wa ndege wa Jeddah na mabegi yake. Kipara naye nilikuwa nimemwacha hapo hapo, kwenye foleni ya ndege, na samaki wake, watu wa ndege wakibishana naye kwenye mizani. Simu ya shoga yangu ikazimwa filamu ikiwa hapo.

Baada ya miezi alinipigia kutoka Kakamega, mimi nikiwa bado Riyadh, mkataba nimeuongeza. Nyuma yake nikasikia maikrofoni ya DJ, mtafsiri wa kibanda cha video, na watu wakicheka.

"Nimemwona," akasema. "Amegongwa na gari ya maziwa. Nimesimama nikaambia DJ anadanganya watu, wakanitoa nje na mtoto."

Nikazima mashine ya kufulia.

"Alikufa lini?"

"Kitambo," nikasema. "Kabla hata ya taxi. Muda wake uliisha, akataka kwenda kwao."

Mtoto alikuwa akimvuta, nilisikia: "Mama, turudi ndani. Mama!"

"Wachana na hiyo ya ndani," akamwambia. "Hiyo ni ya uongo." Kisha akarudi kwangu. "Haya, maliza. Tulimwacha kwa foleni. Alifika?"

Nikamwambia alifika.