Tanga la Fundi Twahiru

Mzee Twahiru ni fundi cherehani hapa mtaani Nyakabanda, na mimi nauza viatu vya mtumba kwenye baraza lake, kwa hiyo usije kuniambia eti natunga. Miaka thelathini anashona kanzu. Babu yake alikuja huku na wafanyabiashara kutoka pwani, akaoa, akabaki, na huyu mzee ukimgusa kidogo tu atakwambia damu yake iko ya bahari. Bahari yenyewe hajawahi kuiona. Hata Ziwa Kivu alifika mara moja, kwenye msiba, akarudi siku ileile.

Mke wake Mukabalisa, ambaye tunamwita Mama Hirwa kwa mtoto wao wa kwanza, ndiye kakulia majini kweli. Wazazi wake walikimbilia Tanzania, akazaliwa Mwanza, akiwa mdogo anapanda mashua za tanga za majirani. Siku mzee anamchumbia alimwahidi: nitakutembeza ziwani kwa tanga. Ni miaka ishirini na saba sasa. Tanga hakuna.

Halafu kuna Bosi. Bosi ni mbwa wa Mama Hirwa, rangi ya chai ya maziwa, sikio moja limeanguka. Alimwokota akiwa kitoto, kwenye mtaro, mtaa wa Niboye. Mzee yeye hamgusi. Mate ya mbwa yakikupata unaosha mara saba, na moja iwe kwa udongo, dini yao ndivyo inavyosema, na mzee hachezi na dini. Hata jina hamwiti, anasema tu "yule". Bosi alale uani, sawa, ale, sawa, ila asikanyage kitambaa. Miaka sita imekwenda hivyo na hakuna aliyelalamika.

Mpaka mteja mmoja, Usumani, aliporudisha kanzu yake ya Idi. Nywele mbili za mbwa kwenye kola.

"Fundi, mimi nisali na mbwa shingoni?"

Nikamwambia hizo ni ndevu zake mwenyewe zimedondoka. Akanisukuma, nikamsukuma, mzee akatutenganisha kwa rula ya kushonea, na mimi ndiye niliyepigwa nyingi. Lakini maneno yalimwingia. Jioni akatangaza: yule anaenda Masaka, kwa Frederick. Frederick ni kaka yake Mama Hirwa, ana shamba la mahindi, anataka mlinzi.

Mama Hirwa hakulia. Aliweka sufuria chini taratibu.

"Sawa, Baba Hirwa. Ila kwanza unitembeze ziwani kwa tanga, na Bosi awemo."

"Unafikiri siwezi?"

"Najua huwezi."

"Mimi? Mimi damu ya bahari?"

"Basi tuwekeane dau. Kwenda upige kasia, sikukatazi. Kurudi iwe tanga tupu. Ukiturudisha hivyo, Frederick amchukue Bosi palepale na mimi sifungui mdomo. Ukipiga kasia hata mara moja, Bosi anabaki, na Usumani atafute fundi mwingine."

"Tumepatana!" mzee akasema, kwa sauti ya kusikiwa na mtaa mzima.

Wiki nzima anashona tanga. Turubai jeupe, pindo mara mbili, pembe nne zimenyooka kabisa. Akamaliza akalipiga pasi. Pasi, sha! Ungeweza kulitandika kitanda cha bibi harusi. Mama Hirwa akaliangalia, akanyamaza.

Jumapili tukaenda ziwa Muhazi na pikapu ya kukodi. Ngabo, mwenye mashua, alikuwa ameshasimamisha mlingoti. Alipoona tanga linakunjuliwa alikaa chini kwa kucheka.

"Muzee, iyi ni tanga ao ni pazia?"

"Subiri tu, kijana."

Frederick naye alikuwepo, kamba mkononi, kama mtu aliyekuja kununua mbuzi. Nikamwangalia vibaya, akahamia upande wa pili.

Wakapanda. Bosi mbele, Mama Hirwa katikati, mzee nyuma kabisa kwenye usukani, mbali na mate. Akapiga kasia pole pole kando ya ufukwe, wakapita mafunjo, wakapotea pale ziwa linapokata kona.

Ya huko aliniambia Mama Hirwa mwenyewe. Walikula chapati na mayai ya kuchemsha, mzee akasimulia babu yake, Bosi akanywa ziwa mpaka akacheua. Raha tupu. Saa nane upepo ukaanza kuvuma kuelekea tulipo sisi, mzee akapandisha tanga.

Mashua ikakaa palepale.

Upepo upo, mafunjo yanalala, lakini tanga limekazwa juu na chini kama ngozi ya ngoma, upepo unateleza pembeni. Mashua inajizungusha tu. Mzee akavuta kamba hii, akavuta ile. Saa nzima. Kwanza aliacha kuimba, halafu akaacha kusema.

Mama Hirwa alijua shida iko wapi. Alijua tangu siku ya pasi. Alichohitaji ni kunyamaza kidogo zaidi, mzee ashike kasia, Bosi abaki. Na Bosi kichwa chake kilikuwa mapajani mwake, kizito, chenye joto. Akanyamaza.

Halafu mzee akakaa chini, akafuta jasho kwa kofia, akasema, "Mama Hirwa, labda babu yangu aliuza chumvi tu."

Hapo akashindwa.

"Baba Hirwa. Tanga lako halina tumbo."

"Nini?"

"Limenyooka kama shuka. Upepo unataka mahali pa kukaa."

Mzee akaliangalia muda mrefu. "Kama gauni," akasema. "Gauni ukilikata hivi mwanamke hapumui. Linataka mikunjo, hapa na hapa, kama kifuani."

"Angalia tanga, usiniangalie mimi."

Wakajivuta kwa mafunjo mpaka ufukweni, kasia halikuguswa, wakalitandaza tanga kwenye majani. Sindano haikosi kwenye kola yake, uzi mfukoni. Lakini akishika pembe hii, ile inaruka na upepo. Mama Hirwa ameshika mashua isiondoke. Jiwe hakuna, ni tope na majani tu. Mzee akahangaika, akatukana turubai, halafu akasema bila kugeuka:

"Bosi. Njoo. Lala hapa."

Mbwa akasimama anatetemeka. Miaka sita anafukuzwa kwenye kitambaa! Akamtazama mama yake, akamtazama mzee.

"Bosi, nakuita wewe."

Akaja, miguu ina tope, akalala katikati ya lile jeupe lililopigwa pasi. Mzee akashona kumzunguka. Katikati ya kazi Bosi akamlamba kiganja, chote. Mzee mkono ukaganda hewani. Mama Hirwa akafumba macho.

"Maji si yapo," mzee akasema. "Ziwa zima." Akaendelea kushona. Alipomaliza alikwenda kuosha, mara saba, ya kwanza kwa udongo, akihesabu kwa sauti.

Sisi huku tuliona kitu cheupe kinatokea konani, tumbo limejaa kama mama wa miezi minane, mashua inakata maji moja kwa moja. Ngabo akaacha kucheka. Frederick akaanza kukunjua kamba yake. Mama Hirwa amemkumbatia Bosi, uso ameugeuza upande mwingine. Kasia limelala ndani, kavu. Nilijisikia vibaya mpaka nikataka kumrushia Frederick kiatu.

Zimebaki kama mita arobaini. Mzee akamwachia mke wake usukani, akainama, akashika kasia. Akapiga maji. Mara moja, mara ya pili, ya tatu, anarusha maji kama mtoto, tanga limejaa pomoni juu yake.

Ngabo akapiga kelele: "Muzee, upepo iko! Acha kasia!"

"Nimechoka kungoja upepo!"

"Lakini ulishafika!"

"Mmeona nimepiga kasia? Shemeji Frederick, umeona?"

"Nimeona, lakini—"

"Basi umeona. Nenda Masaka salama."

Mashua ikagonga mchanga. Mama Hirwa alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, anampiga mzee mgongoni kwa kofia yake mwenyewe.

"Ulikuwa umeshinda, we mzee!"

"Nimeshindwa," mzee akasema, "mbele ya mashahidi watatu." Akashuka, akamwambia Bosi apite kwanza.