Viatu Nje ya Mlango

Laurence Nyirabagenzi anauza nyanya Goma. Kila asubuhi anavuka mpaka wa Rwanda na Kongo, pale Grande Barrière, na beseni kichwani, na hana subira na upuuzi. Kabla ya kuolewa huko Kanzenze alikuwa kiongozi wa vijana katika kanisa dogo la Rugerero. Jumamosi iliyopita alirudi pale, kwa mara ya kwanza baada ya miaka ishirini na saba.

Mlangoni alizuiwa na msichana aitwaye Uwase, kiongozi wa vijana wa sasa.

"Mama, toa viatu kwanza. Vijana wa hapa tunaombaka bila viatu. Ni kitu ya Mungu."

"Ya Mungu?" Laurence aliwaka. "Ni mi nilianzisha! Saruji ya chini ilikuwa mupya, na wazazi wenu walikuwa wanatuletea matope ya shamba. Ilikuwa ya wiki moja tu!"

Uwase hakujua acheke au aombe radhi. "Mama yangu alituambia ingine. Yeye alikuwa mutoto, hakukuwa na viatu. Siku ile wote walitoa vyao, ndiyo mara ya kwanza aliingia kanisani bila haya. Donc, ndiyo maana akatuambia tusiache."

Laurence aliikumbuka saruji. Aliikumbuka ndoo, na hata ufagio. Lakini hakumkumbuka kabisa mtoto asiye na viatu, ingawa alijaribu mpaka kichwa kikamuuma.

Aliinama akavua viatu. Hakujua kama anamtii Mungu, au saruji, au yule mtoto ambaye miaka ile yote hakumwona.