Ua la Mstari wa Mia Tatu na Arobaini

Watoto wa mtaa walimwita Mama Kanda, kwa sababu kila Jumamosi mchana chumba chake kilitoa mlio kama wa paka aliyebanwa mkia na mlango. Ilikuwa kanda ya kaseti ikiimimina programu ndani ya kompyuta yake ndogo, ile ya bei nafuu aliyoinunua enzi akiwa mpiga chapa ofisini, yenye vitufe vya mpira na waya wa kuchomeka kwenye televisheni.

Zamani walikuwa wawili. Mdogo wake, fundi cherehani, alinunua jarida kila mwezi, na humo programu zilichapwa kurasa kwa kurasa. Mdogo anasoma, mkubwa anabonyeza. "Mia mbili na tatu, mkato, sifuri..." Chai inapoa, hakuna anayejali. Mpaka walipofikia programu ya kuchora ua. Jumamosi tatu walihangaika nayo. Ikagoma.

"Umeruka mstari," akasema mkubwa.

"Nani, mimi? Vidole vyako hivyo, kama michi ya kutwangia, ndivyo visivyojua vinapotua!"

Maneno yakazaa maneno. Toka hapo zikabaki salamu za misibani tu, miaka ishirini na sita.

Sasa kompyuta ilikuwa inakata roho. Vitufe vinne vilishakufa. Macho ya Mama Kanda nayo yaliingia ukungu: herufi za televisheni aliziona akisogeza pua, za jaridani, ng'o. Alitaka alione lile ua kabla mashine haijazima kabisa. Akajikaza, akampigia mdogo wake.

"Njoo unisomee."

"Chai ipo?"

Alifika na utepe wa kupimia nguo shingoni na mfuko mkononi. Hawakukumbatiana. Kanda ikalia, programu ikaingia, wakaanza kulinganisha jarida na televisheni, mstari kwa mstari. Kila namba ilikuwa sawasawa.

"Kwa hiyo hakuna aliyekosea?" Mama Kanda akauliza.

Mdogo akauvuta mfuko. "Dada, mwezi ule uliofuata nilinunua jarida tena. Mazoea. Nikaapa silifungui mpaka uje uniombe radhi."

Jarida lilikuwa bado ndani ya plastiki yake. Akaichana kwa mkasi. Ukurasa wa pili, chini pembeni, wahariri ndio walioomba radhi: mstari wa mia tatu na arobaini, palipochapwa tisa, isomeke sita.

"Miaka yote hiyo umelilalia!"

"Ungeomba radhi, je?"

"Ya nini? Nilikuwa sahihi!"

"Na mimi!"

Wakatazamana. Mdogo ndiye aliyeanza kucheka, akashika mbavu, na Mama Kanda akajikuta anafuta macho yake mabovu kwa upande wa kanga.

Akabonyeza sita. Wapi. Kitufe hicho kilikuwa mmoja wa wale marehemu wanne. Akabonyeza tena, kwa nguvu.

"Usikitese," mdogo akasema. "Andika tano, jumlisha moja."

Ikakubali. Kwenye televisheni isiyo na rangi petali zikajitokeza, moja, ya pili, taratibu kama mtu anayeamka.

"Ndilo hilo tu?"

"Ndilo hilo."

Walilitazama mpaka petali ya mwisho ikafunguka. Kisha mdogo akafunua lile jarida jipya lenye umri wa miaka ishirini na sita, akasogeza miwani.

"Humu kuna programu ya saa. Kurasa tano." Akaguna. "Ila ina sita nyingi, dada."

"Soma," akasema Mama Kanda.