Biskuti Mbichi

Tangu nilipoolewa na mwanawe, mama mkwe wangu alikuwa akiniita mayu, yaani mama. Mwanawe alipofariki, tukamaliza arobaini, akaanza kuniita dada. Dada ni neno zuri, lakini hata muuza nyanya wa pale sokoni Kanyenye huitwa dada. Nilikaa na neno hilo miezi, nikiligeuzageuza, nisijue kama ni huzuni tu au ndiyo nimeshatolewa kwenye ukoo. Kumuuliza sikuthubutu.

Basi akapiga simu kwamba anakuja na treni kutoka Usoke, anisalimie. Nikapagawa. Anapenda biskuti kwa chai, na marehemu ndiye aliyekuwa akimpelekea, zile za pakiti. Mimi nikataka kumtengenezea kwa mikono yangu, aone kuwa bado ana mtu mjini. Oveni sina. Kwenye simu nikamwona mwanamke mmoja akitengeneza biskuti zisizookwa: unachemsha maziwa, sukari, siagi na kakao, unaepua, unatia karanga za kusaga na oti, zile nafaka za uji, unadondosha kijiko kijiko kwenye karatasi, zinaganda zenyewe. Sukari vikombe viwili, alisema. Kikombe kipi? Kabatini kwangu kuna vya kahawa, vya chai na vile vikubwa vya plastiki. Nikachukua cha chai, mengine nikamwachia Mungu.

Ziliganda nusu. Juu kavu, chini zimenasa kwenye karatasi. Nikazipanga kwenye sahani ya wageni, nikampelekea sebuleni. Alizitazama, akaibonyeza moja kwa kidole, akauliza nimezioka saa ngapi. Nikasema hazikuokwa. Akauliza tena, taratibu, kama mtu anayeongea na mgonjwa. Nikaanza kueleza habari za kuganda, nikajichanganya, nikasema zimeiva bila kuiva.

"Kwa hiyo umenipa mbichi," akasema.

Nilitamani ardhi ipasuke. Yeye akanyanyuka na sahani yake, akaingia jikoni bila kukaribishwa, akazimwaga zote kwenye sufuria, akafunika, akaweka mkaa chini na mwingine juu ya mfuniko, vile tunavyooka keki. Nilijua zitayeyuka. Nikamwacha, maana nilishindwa kuelewa kama ananisaidia au ananiumbua, na nilikuwa nimeshaanza kukasirika.

Zikayeyuka kweli, zikawa uji mzito mweusi. Akachota, akaonja, akachota tena. Kisha akavuta kigoda, akanionyesha na mimi nikae. Tukala uji wa biskuti kwenye sufuria ileile, tukipokezana kijiko kimoja. Nilimchungulia usoni nione kama ni mzaha. Sikuona chochote.

"Ukiolewa tena," akasema bila kuniangalia, "huyo mama mkwe wako usimpe vitu hivi. Mwambie, 'Mama yangu wa Usoke kanikataza.'"

Sikuwa na mtu, wala sikuwa nimewaza kuolewa. Sikujua kama ananipa ruhusa niondoke au ananiambia siendi popote. Akanipa kijiko, zamu yangu. Nikakitia mdomoni, nikaanza kulia kwa sauti mbele ya mama yangu.