Mpira Usiokaa Mguuni

Azaa, yaani matanga, hapa Maskati huchukua siku tatu, na kwa asiyeizoea nitaieleza kidogo. Wanawake hukaa nyumbani kwa wafiwa. Wanaume hukaa kwenye sabla, ule ukumbi mrefu ulio ubavuni mwa msikiti. Wafiwa hujipanga karibu na mlango, na mgeni akiingia wote husimama. Hupita akiwapa mkono mmoja mmoja, akataja maneno ya taazia, kisha akakaa chini na kuletewa tende na finjani ya kahawa chungu. Akishakaa kiasi cha heshima huondoka, na mwengine huingia. Kila anayemtaja marehemu humtaja kwa mema. Ndivyo dini ilivyotufunza, na ni mafunzo mazuri. Huwapumzisha wafiwa, na huwapumzisha hata waliokuwa na kinyongo na maiti.

Marehemu wetu alikuwa mchezaji mpira. Kama hujui mpira usijali, nitakwenda polepole. Alicheza katikati, nyuma kidogo ya washambuliaji, mahali ambapo kila mpira lazima upite, kama magari yanavyopita raundabauti. Mchezaji wa mahali hapo hahukumiwi kwa magoli. Huhukumiwa kwa anayoyaona. Klabu yake ilikuwa ndogo, na siku zile hakukuwa na mtu wa kupiga filamu mechi za klabu ndogo. Kwa hivyo mpira wake wote, kila pasi aliyopata kuitoa, umebaki ndani ya vichwa vya wazee kama sisi, na vichwa vyenyewe vimeshaanza kuvuja.

Tulikuwa watatu kwenye pembe ya mwisho ya sabla, chini ya kiyoyozi. Mmoja alikuwa golikipa wa klabu ile ile, mtu mwenye mwili mkubwa ambaye hata leo akikaa huchukua nafasi ya wawili. Wa pili ni mwenzetu aliyezaliwa Tabora, aliyekuwa mchezaji wa akiba. Wa tatu ni mimi. Sikucheza hata siku moja. Nilisomesha hisabati, na kila Ijumaa nilikuwa uwanjani kutazama.

Sasa kuna desturi yetu moja lazima niieleze. Sisi tuliotoka Unguja, na wenzetu waliotoka bara, jambo lisilofaa kusikiwa na mgeni hulisema kwa Kiswahili. Iwe dukani, iwe hospitali, iwe mbele ya wakwe, Kiswahili ndiyo pazia letu. Na kwa kuwa wengi wetu tuliwalea watoto kwa Kiarabu ili wasichekwe skuli, tumezoea kulishusha pazia hilo hata mbele ya watoto wenyewe.

Siku ya tatu, baada ya Alasiri, pazia lilikuwa limeshuka.

"Jicho," alisema mwenzetu wa Tabora. "Yule bwana alikuwa na jicho. Mpira haujamfikia, yeye ameshajua unakwenda kwa nani."

"Jicho la woga," golikipa akamjibu, tende ikiwa bado mdomoni. "Akiutupa kama kaa la moto. Mpira haukai mguuni mwake hata akavuta pumzi."

"Ndiyo ufundi wenyewe huo."

"Mtu anaogopa kukanyagwa, wewe unamwita fundi. Yakhe, mimi nilikuwa golini, nnauona uwanja mzima. Akisikia pumzi ya mtu mgongoni, keshautoa."

"Kweli, uliuona uwanja mzima. Usichokiona ni mpira tu."

"Na wewe uliona nini? Umekaa benchi mpaka misumari ya benchi ikakujua kwa jina."

Tulicheka ndani ya finjani zetu, kwa adabu, tukiangalia chini. Kisha golikipa akaanza mambo ya fainali, kama ilivyo kawaida yake. Kwa watu wa klabu ile fainali ni moja tu, ile tuliyoshindwa.

"Wamemwekea kijana wa kumfuata tu," alisema. "Kijana hana mpira wowote. Kazi yake kumgusa. Mkono mgongoni, kifua begani, basi. Kipindi cha pili bwana mkubwa kahamia kwenye mstari, kasimama na mshika kibendera kama ndugu wawili. Mpaka mwalimu wa timu akamtoa. Na kombe likenda na maji."

"Alikuwa mgonjwa siku ile."

"Mgonjwa wa kibri. Tukifunga goli, watu wanakumbatiana, yeye keshatupa mgongo anarudi katikati. Sikupata kumwona amemkumbatia mtu. Anatuona sisi nani?"

Nilikuwa nataka kusema neno la kusuluhisha, ndiyo kazi yangu siku zote baina ya wawili hawa, lakini mtoto wa marehemu alikuwa ameshafika na birika la kahawa. Ni mtu wa makamo, kwetu sisi wazee bado kijana, ana ofisi yake Qurum, na tangu siku ya kwanza alikataa wageni wahudumiwe na mtu mwengine. Tukageuza ulimi hapo hapo. Golikipa akasema kwa Kiarabu, kwa sauti ya huzuni, kwamba marehemu alikuwa simba. Wa Tabora akaitikia, simba hasa.

Kijana akamimina kahawa. Alipofika kwenye finjani yangu akasema kwa Kiswahili, bila ya kunyanyua macho, "Msinyamaze, ami. Alipohamia mstarini ndiyo ikawaje?"

Kiswahili chenyewe kilinishtua zaidi kuliko suala lake. Kilikuwa cha bibi kizee wa Unguja, cha jikoni, na kila herufi mahali pake. Baadaye aliniambia kalelewa na mama wa baba yake, na bibi yule hakupata kujua Kiarabu cha kutosha kumgombezea mtoto.

Golikipa aliiweka finjani chini. "Mwanangu, sisi tukitaniana tu. Baba'ako alikuwa simba."

"Tangu juzi nnasikia simba," alisema kijana. Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu aliyechoka kubeba kitu. "Wote walioingia mlango ule wamenambia simba. Simba mimi nimfanyie nini? Nyinyi hapa pembeni mlikuwa mnamsema baba yangu. Mimi simjui, ami. Nimekaa naye nyumba moja umri wangu wote, na simjui. Leo Magharibi mnatawanyika, na sijui tena nitamuuliza nani."

"Maiti hasemwi," alisema golikipa taratibu.

"Mmeshamsema."

Watu wengine wakaingia mlangoni, na ilimbidi arudi kwenye safu yake kuwapokea. Tukabaki na kahawa yetu. Wa Tabora alikuwa akiokota kokwa za tende na kuzirudisha sahanini, na golikipa aliona haya, mtu mzima yule, mpaka shingo yake ikabadilika rangi.

Mimi nimesomesha watoto wengi, na najua suala linaloulizwa kwa ajili ya mtihani na suala linaloulizwa kwa sababu mtu hawezi kulala bila ya jibu. Kijana alipotoka kwenda kuchukua katoni la tende garini, nikanyanyuka nikamfuata.

Nje jua la Wattaya, mtaa ilipo sabla ile, lilikuwa linashuka lakini bado kali, na vioo vya maduka ya magari ng'ambo ya barabara vilikuwa vikitupigia mwangaza usoni. Karibu na ukuta lilikuwepo gari la golikipa, halijaoshwa, kioo chake cha nyuma kimejaa vumbi. Nikasimama hapo kwenye kivuli cha ukuta, nikachora uwanja kwa kidole kwenye vumbi.

"Tazama," nilimwambia. "Mchezaji wa kawaida hapa katikati hufanya mambo manne. Hupokea mpira, huutuliza, hunyanyua kichwa kutazama, kisha hupiga. Baba'ako aliyafuta mawili ya katikati. Alikuwa ameshatazama kabla mpira haujaja. Ukimfika, guso moja, umekwenda. Watu wanakimbilia hapa alipo yeye, na mpira uko kule. Sijaona mwengine hapa Maskati aliyeweza hivyo kila mara, na katika mvua ya mateke."

Alikitazama kile kioo kama mwanafunzi mzuri. "Na wanaosema ni woga?"

Hapo ningeweza na mimi kumwambia simba, nikarudi ndani. "Wanasema kweli pia," nilimjibu. "Anayeutuliza mpira huguswa. Husukumwa, hukamatwa, huegemewa. Baba'ako hakuweza kuvumilia hilo. Basi akajifunza kuutoa kabla mtu hajafika, na ili uutoe mapema lazima uone mapema. Mimi naamini jicho lile lilizaliwa na woga ule. Ukimwondolea woga unamwondolea na jicho. Marafiki zangu wale wamebishana miaka yote kama ni hiki au kile, na ni kitu kimoja. Usimwonee aibu, mwanangu. Wapo watu wana woga na hawapati kuufanyia lolote."

Nilijiona nimeeleza vizuri. Ndiyo maradhi ya mwalimu. Nilimtazama nikitaraji uso wake ufunguke, kama unavyofunguka uso wa mtoto hesabu ikimkubali.

Haukufunguka. Alishika ukingo wa gari, akauachia kwa kuwa ulikuwa wa moto.

"Mimi sikumbuki baba kunishika," alisema. "Hakunipiga hata siku moja, na hakunishika. Siku ya harusi yangu watu wote wananikumbatia, yeye kanipa mkono. Na mkono wenyewe kauchukua kabla sijaushika sawa. Nikiingia chumbani akijisogeza ukutani. Majuzi nilipomwosha pale hospitali, nimemnyanyua kichwa, nimemgeuza ubavu, ndiyo mara ya kwanza ya kumshika. Nikawa nasema moyoni, sasa atanyanyuka aende zake."

Nikaufuta ule uwanja kwa kiganja.

"Bibi alikuwa akinambia, ndivyo alivyo. Lakini bibi angesema nini tena. Mimi siulizi mpira, ami. Nataka kujua tu kama alikuwa vile kwa watu wote, au ni kwangu mimi."

Wakati huo golikipa alikuwa ameshatoka. Alikuja na mwendo wake mzito, viatu mkononi kwa haraka, nadhani alikuja kumwomba kijana radhi. Alisikia maneno ya mwisho. Akasimama kwenye lami ya moto kwa soksi, akaniangalia mimi, akamwangalia yeye.

"Alikuwa vile kwa watu wote," alisema. Akasita, maana alikuwa anavunja jambo analoliamini, kwamba maiti hasemwi. "Ile nusu fainali tuliyoshinda, mimi nimeokoa penalti. Nimetoka golini kama mwendawazimu, wa kwanza kumkuta ni yeye, nikamkumbatia nikamnyanyua juu. Alinipiga, mwanangu. Kiwiko hapa, puani. Si kwa ugomvi. Nilipomweka chini nilimwona anatetemeka mwili mzima, kama mtu kavuliwa kutoka kisimani. Nikamwambia, una nini? Akanambia, usinishike tena. Sikusema naye msimu mzima. Nikawaambia watu ana kibri, na watu wakashika hilo hilo, kibri."

"Hukumuuliza kwa nini?"

"Sikumuuliza."

"Na wewe, ami?"

Nilitikisa kichwa. Tulikuwa tunajua kila pasi yake. Tungeweza kukwambia mguu gani, upande gani wa uwanja, mpinzani gani. Tumebishana baraza nzima, Ramadhani kwa Ramadhani, jicho au woga, jicho au woga, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza woga wa nini. Waliokuwa wakijua, kama walikuwepo, wamekufa. Tulidhani tunabishana habari za mpira.

Kijana alikung'uta vumbi la gari mikononi. Kisha akasema, "Alhamdulillahi. Basi si mimi." Alilisema kavu, kama mtu aliyepewa majibu ya daktari akaambiwa maradhi ni ya mtu mwengine. Akauliza tena, "Kila siku vile? Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho," alisema golikipa. "Tukikutana msikitini, salamu ya mbali."

"Akaishi vile umri wote," alisema kijana, na sijui alikuwa anatwambia sisi au nafsi yake. "Nyumba imejaa watu."

Golikipa hakuwa mtu wa maneno ya kuliwaza, na viatu vilikuwa bado mkononi mwake. Aliviachia vikaanguka, akapiga hatua moja, akamkumbatia. Nilimwona kijana akikakamaa. Bega lilipanda, kidevu kikageuka pembeni, nikasema moyoni sasa atatoka. Hakutoka. Alisimama ndani ya mikono ile mikubwa, mikono yake mwenyewe imening'inia. Kisha mmoja ulinyanyuka ukafika karibu ya mgongo wa yule mzee, ukabaki hewani, haujui pa kukaa, ukarudi chini.

Waadhini wa Magharibi wakaanza, msikiti mmoja baada ya mwengine. Golikipa akamwachia. Kijana akajifuta uso kwa ncha ya kanzu, akabeba katoni lake la tende, akaingia ndani kuwapa mkono waliokuwa wanaondoka.