Ile Mashua Haikuwa ya Banza

Siku ya soko kule ku ziwa ya Nzilo, bantu banasifu bwana yangu mupaka kichwa inaniuma. "Tata Banza, we uko na akili! Mashua yenye mulango mbele, baiskeli inaingia na mizigo yake!" Ye anacheka tu, anapapasa tumbo. Ah, basi! Mi Mado nimechoka. Leo nitasema, na akasirike kama anataka. Ile mashua haikutoka mu kichwa ya Banza. Ilitoka mu kichwa ya Tshimanga, Mukasai, jirani yetu mu mutaa ya Musonoi.

Tshimanga na Banza balikuwa bafundi ya mbao mu atelier moja, karakana ya kampuni ya shaba. Mwaka wa tisini na mbili kazi ikakufa, mushahara ikakatika, bote babili bakarudishwa ku nyumba. Banza alilala. Tshimanga alienda ku ziwa, akaangalia bamama banavyovusha makala, akarudi na chaki.

Alichora mashua mu lupango yake, mu uwanja ya nyumba, ku simenti, kwa kipimo yake kamili. Ya kwanza ilikuwa na pua ya kuchongoka mbele, kama mashua zote. Banza akafurahi: "Njo hii! Mashua bila pua ni sanduku." Lakini Tshimanga akaita mama Joyeuse, muuzaji ya makala, akamuambia apite juu ya chaki na baiskeli yake yenye magunia ine. Mama wa bantu akasukuma, akajaribu kugeuka, gurudumu ikatoka inje ya mustari.

"Unaona?" Tshimanga akasema. "Kwa hii atafungua magunia, atayainua moja moja, nusu ya makala itaanguka mu maji."

Akafuta yote na maji. Kesho yake akachora ingine: chini bapa, mbele kama mashua ya baaskari, mulango inashuka ku muchanga na kuwa daraja. Joyeuse akaingia, akageuka, akatoka, akapiga kigelegele.

"Maji itaingia pale ku mulango," Banza akanuna.

"Kutakuwa kizingiti, ndugu. Urefu yake nitaisema nikijua mashua inazama namna gani na muzigo."

Siku tatu hao babili bakagombana juu ya pua. Mi nilikuwa upande ya Banza, sitaki kudanganya. Nilimuita Tshimanga kichwa ngumu.

Sasa sikia. Tshimanga alizaliwa hapa Kolwezi. Baba yake njo aliletwa na kampuni kutoka Kasai. Tshiluba yake, ile luga ya kule, ilikuwa ya kuchekesha, muke yake Mbelu alikuwa anamusahihisha mbele ya bageni. Lakini mwaka wa tisini na tatu bavijana balipita mu Musonoi, nyumba kwa nyumba: Bakasai barudi kwabo! Balibaita bilulu, wadudu! Bantu tulioshiriki nao komunyo!

Mashua ilikuwa imefika nusu. Tshimanga akakuja kwetu, akamuambia Banza, "Ikibaki kwangu bataichoma. Sema ni yako. Mambo ikitulia tutaimaliza pamoja." Banume sita bakaibeba mupaka mu lupango yetu. Bavijana balipokuja, Banza akasema ni yake. Sawa, tulipatana hivyo. Lakini mumoja akauliza, "Na nani aliichora? Inapendeza!"

Hapo nani alimulazimisha? Angesema hata, aliichora mujomba yangu. Akatoa kifua: "Mi." Bakapiga makofi. Niliona uso yake, na ilikuwa na furaha ya kweli.

Tshimanga na Mbelu na batoto bakaenda kulala ku gare ya treni kama Bakasai bengine, wiki tatu chini ya bashi, maturubai, banangoja wagoni. Banza akaendelea na mashua. Alipoijaribu ku ziwa, maji ikaingia ku mulango, magunia yote ikalowa. Hakujua kizingiti iende juu mupaka wapi. Basi tukaenda ku gare, mi na sufuria ya bukari, ugali yetu, ye na aibu yake, kama alikuwa nayo.

Mutoto ya mwisho ya Mbelu alikuwa na surua. Tshimanga alikuwa amekonda, lakini alipoona Banza akasimama, akauliza mbio, "Na magunia makumi mbili inazama mupaka wapi?" Banza akaonyesha ku muguu. Tshimanga akaweka mukono yake juu ya pale. "Panda shibiri moja na nusu. Kizingiti iwe hapo. Na ushone mupira ya tairi ya lori ku mulango, maji isipite."

Kisha akaomba. Mu atelier yabo kila fundi alikuwa anachonga namba yake ya kampuni ndani ya kitu alichotengeneza, hata sanduku ya maiti. "Uchonge yangu," akasema. "Chini ya mbao, pahali muntu hataona. Ine moja mbili saba."

"Nitachonga, ndugu. Naapa."

Mbelu akamuangalia. "Banza, kweli?"

"Mama Mbelu! Kweli."

Treni ikaenda. Mutoto alikufa mbele ya kufika Kamina, tuliambiwa kisha.

Kizingiti ilikaa vizuri, hata tone moja haikuingia. Siku ya mwisho nikasikia patasi, nikainama chini ya mbao na kibiriti. Namba ilikuwa ya Banza.

"Na ile ya Tshimanga?"

"Bataona namba ya Mukasai, batachoma."

"Nani ataona huku chini?"

"We umeona," akasema, akaenda kuoga.

Patasi alikuwa ameiacha pale. Niliishika. Tarakimu ine tu, ingekuwa kazi ya dakika kumi. Nikafikiri juu ya batoto betu batano, nikafikiri juu ya bale bavijana, nikairudisha mu kikapo yake. Kesho yake nikapakia makala yangu mu ile mashua, nikavuka wa kwanza.