Usiku wa Ijumaa, Ijumaa Usiku

Kijijini kwetu Kedungwaru hakuna aliyeoza mwana, aliyesimamisha nguzo ya nyumba wala aliyesafiri mbali bila kwanza kupita kwa Pak Reso. Kazi yake ilikuwa kutengeneza vizimba vya hua, ila watu hawakumjia kwa vizimba tu. Walimjia na siku zao. Angekaa barazani, kisu cha mianzi mapajani, akakunja vidole, Legi, Pahing, Pon, Wage, Kliwon, akazioanisha siku tano za soko na siku saba za juma, kisha akasema nenda, au usiende. Akishasema, basi. Mimi nilikuwa nakaanga tempe, vile vipande vya soya iliyochachushwa, na kuuza mlangoni kwake tangu nilipoachika, na sikuwahi kumsikia akirudia hesabu.

Ndiyo maana jambo la binti yake lilimuuma mara mbili. Warsiyem alichumbiwa na mtoto wa mkuu wa kijiji cha jirani. Baba akatafuta siku ya harusi kwa juma zima, akapata ile aliyoiona njema kuliko zote, na alfajiri ya siku hiyo hiyo binti akapanda treni na kundi la waigizaji, akaenda Surabaya kuimba. Watu hawakuwa na huruma. Sokoni wakawa wanasema, "Mzee kazihesabu siku, kasahau kumhesabu binti." Tangu hapo ukimtaja Warsiyem mbele yake, aliinuka akaenda kulisha ndege waliokwisha kula.

Mkewe, Mbok Reso, alikuwa shoga yangu. Aliyajua machozi ya kila aina, na mwaka ule aliyamaliza yote. Mtoto wao mkubwa alikuwa amepata shamba Lampung, ng'ambo ya bahari, akawaita wazee wake wakaishi naye. Pak Reso alikubali upesi mno. Nadhani alichoka kupita sokoni. Akahesabu siku ya safari: Ijumaa Pon, asubuhi, kuelekea magharibi. Tiketi zikakatwa.

"Lampung nasikia ni msitu mtupu, Yu Parti," Mbok Reso aliniambia, tempe mkononi, haili wala haiweki chini. "Watu hawarudi huko. Huyu mzee akiondoka na kinyongo chake, mwanangu ndiyo basi tena. Sitamwona."

"Mwambie hivyo."

"Nimwambie nani? Nikianza tu, huyoo, kwa ndege."

Siku chache kabla ya safari akaja Kang Jumingan, mchuuzi wa batiki, ambaye kila mwezi hupanda treni kwenda Surabaya na kurudi. Alimvuta Mbok Reso pembeni, lakini mimi nina masikio. "Warsiyem anakusalimu. Anasema ataimba kwenye redio, usiku wa Ijumaa. Anaomba baba yake amsikilize, mara moja tu. Akisikia neno kwamba baba amemsikiliza, atakuja kupiga magoti."

Kwetu siku huanza jua likizama, kila mtu anajua. Usiku wa Ijumaa ni Alhamisi baada ya magharibi. Yaani jioni ya mwisho kabla ya safari. Mbok Reso alikishika kibao changu cha tempe mpaka nikaogopa kitapinduka.

"Mungu kanipa jioni moja," alisema. "Hatumwambii kitu. Tunampeleka kwa Ndoro Mantri, mwenye redio, kumuaga, basi. Sauti itamkuta amekaa."

"Na akiinuka?"

"Kwa Ndoro? Huinuki mpaka upewe ruhusa. Labda awe amekosa adabu, na adabu ndiyo imebaki peke yake nyumbani kwetu."

Nikamwambia, wewe mwanamke ni wa kuogopwa.

Ndoro Mantri alikuwa msimamizi wa mifereji ya mashamba ya miwa, bwana mpole mwenye cheo chake, na redio yake ndiyo ilikuwa redio ya kijiji kizima. Ilikula betri kubwa kama ya motokaa, na betri ikichoka ilibebwa na watu wawili mpaka kiwanda cha sukari kwenda kujazwa umeme. Jioni ile baraza lilifurika. Ndoro kwenye kiti, sisi kwenye mikeka. Mtu alikuwa ameweka sahani ya maua mbele ya lile sanduku, maana sauti isiyo na mwili, tena usiku wa Ijumaa, si ya kufanyia mchezo.

Kijiji kizima kilijua tumekuja kumsikia nani. Baba mtu peke yake ndiye hakujua. Alichelewa, kwa kuwa alichoma ubani wake nyumbani kwanza kama kila usiku wa Ijumaa, na kila dakika aliyochelewa Mbok Reso alinitoa damu mkononi kwa kucha. Hatimaye akaingia, koti safi, akamsujudia Ndoro, akakaa. Akaliangalia lile sanduku na fito zake za mbele.

"Kizimba hiki fito zimebanana mno, Ndoro," alisema. "Ndege gani anaishi humu?"

Watu wakacheka, wengine kupita kiasi. Pak Sonto, muuza mbuzi, mtu asiyejua kufunga mdomo hata akila, akasema, "Subiri tu, Pak Reso. Huenda ukamjua ndege mwenyewe." Mbok Reso akamkata jicho la kumchinja. Pak Sonto alikuwa anaoza binti mwezi uliofuata, siku aliyochaguliwa na Pak Reso, kwa hiyo alinyamaza kidogo.

Ndoro akazungusha kitufe. Sanduku likakoroma, likapiga mluzi, likazungumza Kiholanzi, kisha ngoma za shaba za Surabaya zikaja kwa mbali, zikienda na kurudi. Mwanamke akaanza kuimba.

"Ndiye?" nilinong'ona.

Mbok Reso alikuwa amefumba macho. Akatikisa kichwa. Sauti ilikuwa ya mtu mzima, iliyokwaruza.

"Pumzi fupi huyu," alisema Pak Reso, amekwisha kunogewa. "Angekuwa hua, ningemrudisha kwa mwenyewe."

Hapo ndipo hofu mpya ikaniingia. Mzee yule alizijua sauti. Alikuwa akimkataa ndege wa thamani kwa kosa la mlio mmoja. Je, binti akija akaimba vibaya? Tulikuwa tumehangaika kumleta asikie, hata hatukuuliza kama mtoto anaweza.

Wakaja wachekeshaji. Ikaja bei ya sukari, kwa Kiholanzi, Ndoro peke yake akiitikia kwa kichwa. Ukaja wimbo mwingine, mwimbaji mwanamume. Sauti ikaanza kunywea. Ndoro akainama, akagusa nyaya nyuma, akasema, "Betri inakata roho. Sijui kama itafika mwisho."

"Bado, Ndoro, bado," alisema Mbok Reso, mwanamke aliyekuwa hajawahi kufungua kinywa mbele ya mwenye cheo. Mumewe akageuka akamtazama. Kwa mara ya kwanza jioni ile akatutazama sisi wote, mmoja mmoja, na tabasamu likamtoka usoni. Hakuwa mjinga.

Kisha mtangazaji akasema, kwa sauti iliyobaki kama ya mbu, kwamba kipindi kimekwisha. Kesho, Ijumaa, saa mbili usiku, wasikilizaji watamsikia mwimbaji mpya, Warsiyem, mzaliwa wa Kedungwaru.

Nyuma kabisa Kang Jumingan alikuwa amejishika mdomo.

"Alisema Ijumaa usiku," alisema kwa kigugumizi. "Ijumaa usiku. Mimi nikaleta..."

"Ukaleta usiku wa Ijumaa," nilimwambia. Ningekuwa na sufuria ya mafuta karibu, leo angekuwa na kovu. Watu wa mjini wanahesabu kwa saa za Waholanzi, siku yao haifi na jua. Maneno mawili aliyageuza, hili mbele, hili nyuma, na mama wa watu akapoteza mwanawe.

"Kwa hesabu yetu huo ni usiku wa Jumamosi," alisema Pak Reso taratibu, kama anavyomjibu mteja. Akamgeukia Ndoro, viganja vimekutana. "Naomba ruhusa, Ndoro. Safari yetu ya kesho ni ya mapema." Ndoro, macho chini, akampa.

Tulirudi kwa mwanga wa kibatari. Yeye mbele, sisi nyuma. Mbok Reso hakungoja wafike nyumbani.

"Nimekudanganya, baba watoto. Nilitaka umsikie kabla hatujaondoka. Mara moja tu. Halafu unipeleke huko Lampung, unizike huko huko, sitasema kitu."

Akaongeza mwendo. Nami ulimi wangu ukanishinda. "Mtoto akikunyea mkono huukati, Pak Reso."

"Yu Parti," alisema bila kugeuka, "kwako kule kuna kitu kinaungua."

Hakukuwa na kitu. Alitaka niende, nikaenda. Nililala nimekasirika, nikiikasirikia treni, nikiukasirikia udongo wa Lampung. Nilijua mtu yule haahirishi. Siku ikishatoka vidoleni mwake, hata mafuriko hayaiondoi.

Asubuhi gari la ng'ombe lilisimama mlangoni, mabegi na vizimba vimefungwa, kijiji kimekuja kuaga. Mbok Reso alikuwa amekwisha kukaa juu ya mizigo, uso umevimba, hamtazami mtu. Pak Reso aliwashika watu mikono mmoja mmoja. Alipofika kwenye gari akaweka mguu, akasita, akautoa.

Akaanza kukunja vidole.

Watu wakasogea karibu, kama kawaida akianza. Alikunja mkono wa kulia, akakunja wa kushoto, akavifungua vyote, akaanza tena. Hilo hatukuwahi kuliona. Mwendesha gari akauliza kama treni itawangoja.

"Shusheni mizigo," alisema Pak Reso. "Nilikosea. Ijumaa Pon kuelekea magharibi si njema. Leo siondoki."

"Umekosea?" Pak Sonto alisogea mbele. "Wewe? Na siku ya harusi ya mwanangu je, uliyonipa wewe? Nimeshaalika watu mpaka Solo. Nayo umekosea?"

Pak Reso alibadilika rangi. Angeweza kusema hapana, hiyo ni sawa, ni hii moja tu. Aliitazama mizigo, akamtazama mkewe pale juu.

"Inawezekana," alisema. "Tafuta mtu mwingine akuhesabie."

Pak Sonto akatema mate chini. "Ndiyo maana hata binti alikimbia. Siku ya ovyo, ya mzee wa ovyo." Hakuna aliyemkanya. Mmoja akakumbuka ng'ombe aliyekufa, mwingine nyumba iliyovuja, yote sasa ni makosa ya Pak Reso. Walimsema usoni mwake, na yeye akifungua kamba za vizimba, akiteremsha hua mmoja mmoja, akisema, "Huenda, huenda."

Miaka ile yote mlangoni kwake nilikuwa nami nimejifunza kidogo. Nilikunja vidole vyangu chini ya kanga. Ijumaa Pon, magharibi, mtu mzima na mkewe. Siku ilikuwa njema tupu, haikuwa na doa.

Tangu siku ile hakuna aliyekuja tena kuuliza nenda au usiende. Na alasiri ile, jua likingali kali, nilipita kwa Ndoro Mantri na kibao changu nikamkuta Pak Reso amekwisha kukaa barazani peke yake, mkeka wa mbele kabisa, vifungo vya koti vimefungwa vyote hadi shingoni. Betri ilikuwa hata haijarudi kutoka kiwandani.